Fyuzi Iliyoungua Usiitupe: Mafunzo Niliyopata Sumbawanga

Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220 zilizojengwa kwa msaada wa Marekani, ilituletea sisi mafundi umeme wa magari kazi ambayo zamani tuliiona kwa nadra: magari yenye nyumba ndani yake. Mengine huingilia Kasesya yakitokea Mbala, Zambia, baada ya wenyewe kwenda kuyatazama maporomoko ya Kalambo. Mengine hutokea Mbeya. Karibu yote yana safari ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, au ya Kipili kando ya Ziwa Tanganyika, na hapa mjini ndipo wenye magari hutafuta fundi na vipuri kabla ya kuendelea. Ndani ya gari la namna hiyo kuna kitanda, jiko la gesi, friji, pampu ya maji, feni, taa, sola juu ya paa na betri ya ziada chini ya godoro. Kila kifaa kina waya wake, na kila waya una fyuzi yake, au ulipaswa kuwa nayo.

Lakini kulala ndani ya gari si mambo ya wageni peke yao. Dereva wa lori la mahindi anayesubiri zamu ya kushusha mzigo kwenye maghala ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, analala kwenye kabini, na kabini yake ina redio, feni, taa ya ziada, chaja za simu na siku hizi hata televisheni ndogo. Gari la kliniki tembezi linalokwenda vijiji vya mwambao wa ziwa lina friji ya chanjo. Niliyoyaandika hapa nimeyapata kwenye magari yote hayo. Nimeyaandika kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi, na kwa wenye magari ambao hujikuta na fyuzi iliyokatika mahali ambapo hakuna fundi wa kumwita.

1. Isome kabla hujaitupa

Mtu akija na gari ambalo friji au taa zimezima, kitu cha kwanza ninachomwomba ni ile fyuzi iliyoungua. Wengi huniambia wameshaitupa dirishani. Wametupa shahidi pekee aliyekuwepo tukio lilipotokea.

Fyuzi bapa za kisasa, zile za plastiki zenye miguu miwili, zimetengenezwa ili uone ndani. Ukiona plastiki imekuwa nyeusi, au imetapakaa chembe za chuma zinazong'aa, jua umeme mwingi mno ulipita kwa mara moja: waya wa chanya umegusa bodi mahali fulani. Hiyo ni shoti kamili. Ukiona plastiki ni safi, na utepe wa chuma umeyeyuka katikati ukaacha ncha mbili za mviringo, hapakuwa na shoti. Mzigo ulizidi kidogo, kwa muda. Ukiona utepe umepasuka bila dalili yoyote ya joto, mtikisiko wa barabara umeuchosha, na fyuzi mpya itatosha. Na ukiona utepe ni mzima lakini plastiki ya mguu mmoja imeyeyuka, acha kuhangaika na vifaa. Tatizo liko pale mguu unaposhikwa: kishikio kimelegea au kimeota kutu, joto linazaliwa hapo hapo.

Ni hali nne, na kila moja ina njia yake ya utafutaji. Fundi anayeanza kwa kufungua paneli zote za gari bila kuitazama fyuzi atafika, lakini atafika jioni.

2. Uliza ilichukua muda gani, na mlikuwa wapi

Watu wengi hudhani fyuzi ya ampea 10 hukatika pale tu umeme unapozidi 10. Haiko hivyo. Kwa viwango vinavyofuatwa na watengenezaji wa fyuzi bapa, fyuzi ya 10 inatakiwa ibebe ampea 11 kwa saa 100 bila kukatika. Ikibebeshwa ampea 13.5, yaani asilimia 135, inaweza kukatika ndani ya sekunde moja, au ikavumilia hadi dakika 10. Ikibebeshwa 20, inatakiwa ikatike ndani ya sekunde 5. Shoti kamili haingoji hata nusu sekunde. Ndiyo maana muda ni kipimo. Dereva akiniambia "ilikatika nilipowasha tu", namwelewa tofauti na yule anayesema "ilikaa kidogo, kisha ikakatika".

Wazee wawili, mume na mke kutoka Ujerumani, waliniletea kiangazi kimoja gari lenye shida iliyokuwa imewashinda mafundi wengine njiani. Fyuzi ya friji yao ilikuwa inaungua Kipili tu. Wakipanda Sumbawanga, gari zima kabisa. Wakishuka tena ziwani, inaungua. Walikuwa wameshaanza kuamini friji yenyewe ni mbovu na wanataka kuagiza nyingine.

Niliiomba fyuzi iliyoungua. Mama alikuwa amezihifadhi kwenye kikopo. Zote zilikuwa safi, zenye ncha mbili za mviringo. Kwa hiyo si shoti. Nikamuuliza hukatika saa ngapi. Akafikiri, akasema ni jioni, mara nyingi wakiwa wanaosha vyombo baada ya chakula.

Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni watu hapa hutembea na makoti. Ziwa Tanganyika liko mita 773. Ukishuka zaidi ya mita elfu moja unaingia hali nyingine kabisa ya hewa. Huku juu friji yao ilifanya kazi dakika chache ikapumzika, na feni haikuguswa. Kule chini friji haikupumzika, feni ilizunguka mchana na usiku, na jioni mama alipofungua bomba, pampu ya maji nayo iliamka. Nilipofuata nyaya nyuma ya kabati nikakuta yeyote aliyelitengeneza gari hilo aliunganisha friji, feni na pampu kwenye waya mmoja wenye fyuzi ya 10.

Ilibidi niilete hali ya Kipili Sumbawanga. Niliweka chupa za maji ya moto ndani ya friji ili isipumzike, nikawasha feni kwa nguvu zote, nikafungua bomba, nikabana mita kwenye waya. Friji ampea 5.5, feni 2, pampu 6. Jumla 13.5. Fyuzi ilikatika kabla dakika 10 hazijaisha, mbele ya macho yao.

Njia rahisi ingekuwa kuweka fyuzi ya 20. Sikuiweka, kwa sababu nitakazoeleza katika fungu linalofuata. Nilivuta waya mpya wa pampu kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, nikaupa fyuzi yake, na friji na feni zikabaki na ile ya 10. Friji ilikuwa nzima siku zote.

3. Fyuzi inalinda waya

Hili nalisema kwa kila mwenye gari, awe mgeni au mwenyeji, na nitaendelea kulisema. Fyuzi haikuwekwa kulinda friji wala redio. Redio ikishapata shoti imeshaharibika. Fyuzi imewekwa ili waya usishike moto ndani ya ukuta wa mbao, chini ya godoro, pembeni ya mtungi wa gesi, watu wakiwa wamelala.

Utepe wa fyuzi bapa nyingi ni wa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na utepe umefanywa mwembamba makusudi ili joto lianzie pale. Shaba ya waya huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Ganda la plastiki lililouvika waya huanza kulainika karibu na nyuzi 100 tu. Kwa hiyo anayechomeka kipande cha waya wa shaba, msumari, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, amepanga kwamba waya wote wa gari uungue kwanza, na hicho alichokichomeka kiwe cha mwisho. Nimeifungua dashibodi ya lori iliyokuwa majivu matupu, na katikati ya majivu hayo kipande cha karatasi ya sigara kilikuwa bado kimebanwa kwenye vishikio vya fyuzi. Dereva aliruka. Utingo wake alilala hospitali muda mrefu kwa ajili ya mikono iliyoungua.

Uwanda huu wa Ufipa unaijua habari ya moto na madini. Wafipa waliyeyusha chuma kwa malungu, zile tanuri ndefu za udongo, vizazi vingi kabla ya gari la kwanza kufika huku, na mabaki ya malungu bado yapo mashambani. Mzee mmoja wa Nkasi aliniletea trekta na kuniomba nimfungie waya mahali pa fyuzi, maana ana shamba la kumalizia. Nilimweleza kwamba zinki na shaba haziyeyuki kwa joto moja. Hakuhitaji maelezo marefu. Babu yake alikuwa fundi wa malungu, na alipokuwa mtoto aliambiwa jinsi moto wa kila kitu unavyojulikana kwa rangi yake. Alikaa kwenye benchi akasubiri nitafute shoti.

Kanuni ninayowapa vijana ni ndogo, na ina tahadhari ndani yake. Waya wa milimita za mraba 1.5, fyuzi isizidi 15. Waya wa 2.5, isizidi 20. Wa 4, isizidi 30. Wa 6, isizidi 40. Mzigo unaujua kwa kugawa wati kwa volti: balbu mbili za taa kubwa zenye wati 60 kila moja ni wati 120, kwenye volti 12 ni ampea 10. Kwenye lori la volti 24 wati zile zile ni ampea 5. Rangi za fyuzi bapa ni zile zile popote uendapo: kahawia hafifu 5, kahawia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Ukikuta kijani mahali ambapo kifuniko cha kisanduku kimeandikwa nyekundu, mtu alikutangulia na alichoka kutafuta.

4. Balbu mahali pa fyuzi

Mzee aliyenifundisha kazi Mbeya hakuwa na mita ya kidijitali. Alikuwa na balbu ya indiketa ya wati 21, ameifunga nyaya mbili, na mwisho wa nyaya hizo ameunganisha miguu aliyoitoa kwenye fyuzi iliyoungua. Kwa kifaa hicho alitafuta shoti ambazo wengine walizitafuta kwa kuunguza pakiti nzima za fyuzi. Mpaka leo sijaona njia bora zaidi kwa fundi wa huku.

Inafanya kazi hivi. Ukichomeka balbu mahali pa fyuzi, umeme wote wa njia hiyo lazima upitie kwenye balbu. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 hairuhusu hata ampea 2 kupita. Kwa hiyo hata kama mbele kuna shoti kamili, hakuna waya utakaopata moto, na wewe una muda wa kutosha kutafuta bila haraka. Shoti ikiwepo, balbu huwaka kwa nguvu zake zote.

Sasa anza kuchomoa vifaa vya njia hiyo, kimoja kimoja. Balbu ikififia ulipochomoa pampu, shoti iko kwenye pampu au kwenye kipande cha waya kinachoiendea. Ukimaliza kuchomoa vyote na balbu bado inawaka, shoti iko kwenye waya wenyewe. Hapo kijana mmoja anakaa akiitazama balbu bila kupepesa macho, na mwingine anapita na mkono juu ya fungu la nyaya: anabonyeza, anavuta, anafungua mlango wa nyuma, anapandisha paa, anatikisa kitanda. Balbu ikicheza tu, anayeitazama anapiga kelele, na mkono wa mwenzake unabaki pale pale ulipo. Mara nyingi shoti iko chini ya kiganja.

Gari la volti 24 litumie balbu ya volti 24. Na usiifanye kazi hii kwenye njia ya mifuko ya hewa ya usalama wala ya kompyuta ya injini. Kwenye njia ya kompyuta natoa kichwa cha betri kwanza, kisha napima nyaya kwa mita.

5. Panya hufuata mahindi

Mavuno yakianza Mei, kila ua wa Sumbawanga una magunia, na kila penye magunia pana panya. Wageni wengine huacha magari yao hapa masika, wanarudi kwao kwa ndege, na kuja kuendelea na safari kiangazi. Gari linalokaa miezi bila kuguswa, lenye godoro na sufi ndani, karibu na ghala la mahindi, linapata wapangaji.

Gari moja la hivyo lilinifunza kitu ambacho sasa hukitafuta kila mara. Fyuzi tatu zilikuwa zimekatika pamoja: ya taa za ndani, ya pampu, ya chaja za simu. Vifaa hivi havihusiani hata kidogo. Kila kimoja nilikipima peke yake na kilikuwa kizima. Nikaacha kuvitazama vifaa, nikauliza nyaya zao zinakutana wapi. Zilikutana mahali pamoja tu, nyuma ya friji, ambapo fungu zima linapita kwenye pembe yenye joto. Nilipoitoa friji nikakuta kiota kamili cha panya, kimetandikwa sufi ya godoro, na shaba ya nyaya nne ikiwa wazi, zikigusana zenyewe kwa zenyewe na kugusa fremu ya chuma.

Tangu hapo, fyuzi za njia tofauti zikikatika kwa pamoja, sigusi kifaa hata kimoja kabla sijachora njia za nyaya na kuona zinapoungana. Na matengenezo ya waya ulioliwa si kuuzungushia tepu nyeusi. Tepu hulegea kwa joto la injini na vumbi letu. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, utie waya wa unene ule ule, ubane kiungo kwa koleo au uchome kwa risasi, kisha uvike mpira unaonywea kwa joto. Matundu ya sakafu ambamo panya walipitia nayaziba kwa zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, mbali na kichwa chochote cha betri.

6. Penye bawaba, hapo kwanza

Mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa hutikisa gari kwa namna ambayo mtengenezaji wake hakuipima. Waya uliopitishwa kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga utakatwa na bati hilo, ni suala la muda. Ninaanzia kwenye bawaba za mlango wa nyuma, pale paa la kupandisha linapojikunja, na chini ya ngazi ya kupandia. Taa ikikata fyuzi kila mlango unapofunguliwa, usitafute mahali pengine.

7. Betri mbili, fyuzi mbili

Fyuzi hukaa karibu na chanzo cha umeme, si karibu na kifaa. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote, kwa hiyo kipande hicho kiwe kifupi kadiri inavyowezekana.

Katika gari la kulala kuna betri ya injini na betri ya nyumba, zimeunganishwa na waya mnene ili alteneta izijaze zote mbili. Waya huo una chanzo cha umeme kila upande. Nimekuta magari mengi yenye fyuzi upande wa betri ya injini tu, na mwenye gari anaamini yuko salama. Waya huo ukichubuka katikati ukagusa chasisi, fyuzi ya mbele itakatika kama inavyopaswa, na betri ya nyuma, ile iliyo chini ya kitanda, itaendelea kusukuma mamia ya ampea kwenye shoti ile ile. Hakuna cha kuizuia. Hili halina mjadala kwangu: gari la namna hiyo halitoki gerejini bila fyuzi ya pili.

Inveta nazo zinahitaji heshima. Inveta ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 83 kwenye volti 12, na betri ikishuka nguvu alfajiri ya baridi huvuta zaidi, maana wati hazibadiliki na volti zimepungua. Kuichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara lenye fyuzi ya 15 au 20, kisha kushangaa fyuzi inakatika, ni kuilaumu fyuzi kwa kufanya kazi yake.

8. Fyuzi iliyojificha ndani ya plagi

Kwa miaka mingi umeme wa mji huu ulivutwa kutoka Zambia kupitia Mbala, na wageni waliotoka huko hushangaa kukuta plagi ni zile zile za miguu mitatu ya pembe nne walizozitumia jana. Wasichokijua wengi ni kwamba plagi hiyo ina fyuzi ndani, na watu wa Ulaya bara hawana kitu hicho kwao. Huazima waya wa kuongezea kutoka nyumba ya wageni, huchomeka chaja ya betri, na usiku ukizidi baridi huongeza hita ya wati 1,500, yaani ampea 6.5 kwenye volti 230. Ikiwa ndani ya plagi kuna fyuzi ya 3, kila kitu kinazima. Asubuhi naitwa niitazame chaja. Nafungua plagi kwanza.

9. Pima mzigo ukiwa umewashwa

Mita inaweza kukuonyesha volti 12.6 pande zote mbili za fyuzi na friji bado isiwake. Mita karibu haivuti umeme, kwa hiyo hata uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya uliooza unatosha kuidanganya. Washa kifaa, kisha pima tena. Volti zikianguka, fuata kutu: kwenye kishikio cha fyuzi, kwenye kiungo, na hasa kwenye ethi, pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi. Msasa na grisi kidogo vimeokoa friji nyingi zilizokwisha hukumiwa.

10. Fyuzi za dukani si ndugu moja

Kila pakiti mpya ninayonunua natoa fyuzi moja niipime. Balbu nne za wati 60 kwenye volti 12 ni ampea 20. Fyuzi ya 10 ikibeba mzigo huo inatakiwa ikatike ndani ya sekunde 5. Zipo nilizoziona zikibeba mpaka plastiki ikaanza kutoa moshi na utepe bado mzima. Fyuzi hiyo ni msumari uliopakwa rangi, na pakiti nzima haiingii kwenye gari la mtu.

11. Maswali ya kwenye simu

Sehemu kubwa ya kazi yangu sasa inafanyika kwa simu, maana fundi hawezi kuwa Sumbawanga na Kirando kwa wakati mmoja. Dereva mmoja kijana wa kliniki tembezi alinipigia alasiri akiwa amesimama njiani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekwama?"

"Taa za nyuma zote zimezima. Nimebadilisha fyuzi mara mbili, zote zimekatika."

"Rangi gani?"

"Bluu. Na kifuniko kinasema bluu, nimeangalia."

"Vizuri. Ndani ni safi au nyeusi?"

"Nyeusi tii."

"Ilikaa kidogo au ilikatika pale pale?"

"Pale pale, nilipowasha taa."

"Una trela?"

Alikuwa nalo, limebeba mahema na jenereta. Nilimwambia achomoe plagi ya trela, aweke fyuzi ya tatu, awashe. Nikasikia mlango, nikasikia hatua zake akizunguka nyuma ya gari.

"Zimewaka, fundi."

Trela aliliacha kwenye zahanati ya kijiji, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na trela lisilo na taa ni hatari usiku, akaenda zake Namanyere. Lilipofika kwangu baadaye, waya wake ulikuwa umening'inia chini ya fremu na kusuguliwa na ekseli mpaka shaba ikatoka. Nilivuta waya mpya ndani ya bomba la mpira, nikaufunga juu ya fremu kila baada ya shubiri moja. Kisha nikalipa trela fyuzi yake peke yake karibu na plagi, ya 10, ndogo kuliko ya gari, ili siku likipata shoti tena taa za gari zisizimike nalo.